Futi Elfu Tisa

Mzee Primus alifika kituo cha polisi saa moja na nusu asubuhi, siku ya kumzika binti yake, amevaa koti la suti juu na gumbuti chini. Alikuwa ameshuka kwa miguu kutoka kijijini kwake Uru hadi alipopata lifti ya gari la maziwa. Aliweka karatasi ya daftari juu ya kaunta, akaigeuza ili Sajenti Aminieli aweze kuisoma.

"Shikamoo, Meku," Sajenti alimwamkia kwa neno la heshima la Kichaga kwa wazee. "Pole sana."

"Marahaba. Soma hapo."

Ilikuwa historia ya marehemu, ile inayosomwa mbele ya watu kabla jeneza halijateremshwa. Victoria Primus alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akamaliza kidato cha sita, akajiunga na chuo cha waongoza ndege. Baada ya hapo palikuwa na mistari miwili mitupu. Kisha maandishi yakaendelea: aliugua mlimani, akafariki hospitali ya Mawenzi akiwa na miaka ishirini na tatu.

"Hapo katikati," Mzee Primus alisema. "Nikiruka, watu watasema naficha. Uru nzima inajua alifukuzwa. Nikisoma ile barua ya chuo, nitakuwa nimemzika mwizi kwa mdomo wangu, kando ya mama yake. Faili mnalo ninyi. Niambie, nisome nini?"

"Maziko saa ngapi?"

"Saa nane. Padri ana misa nyingine Kibosho, hatangoja."

"Nenda nyumbani, Meku. Nitakuja."

"Utakuja na nini?"

Aminieli alizunguka kaunta. Alimsindikiza mzee hadi nje, kisha akarudi kwenye meza yake, akavuta droo.

Jalada lilikuwa humo wiki ya tano sasa, chini ya majalada ya wizi wa ng'ombe. Chuo kilikuwa kimelileta chenyewe: mtihani wa vitendo umeibwa, kopi yake imekutwa kwenye kabati la mwanafunzi Victoria Primus, mwanafunzi amefukuzwa. Wakubwa walisema hakuna haraka, chuo kimeshamwadhibu. Naye Aminieli hakufanya haraka. Katika wiki hizo tano, yule binti alikwenda kubeba mizigo ya watalii mlimani kwa koti la kuazima. Safari ya kwanza alirudi anacheka. Safari ya pili alishushwa kwa machela, mapafu yamejaa maji.

Jana yake mkubwa alikuwa ameandika juu ya jalada: *Mtuhumiwa amefariki. Funga.*

Aminieli alilitia kwapani, akatoka nalo.

*

Chuo kilikuwa pembeni mwa mtaa wa Soweto, nyumba mbili za ghorofa na bustani iliyotunzwa vizuri kuliko makaburi ya watu wengi. Mkuu wa chuo, Bwana Ndelilio, alimpokea akiwa amesimama. Hakumwonyesha kiti.

"Sajenti, jalada si limefungwa? Niliongea na mkubwa wako jana."

"Linafungwa, bosi. Nataka kuhakiki vielelezo kabla halijakwenda stoo. Na nisikilize zile rekodi za mtihani."

"Rekodi zote ni Kiingereza. Tena cha redioni. Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La saba."

"Ulifeli?"

"Nilifaulu. Nafasi ilikwenda kwa mtoto wa mwenyekiti wa kijiji."

Bwana Ndelilio alicheka kidogo, akachukua simu ya mezani. "Magreth? Kuna askari anakuja huko. Mfungulie rekodi. Ndiyo, zote. Aburudike."

Magreth alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye sauti nzito ya kupendeza. Chumba chake kilikuwa na kompyuta, hedifoni na feni mbovu. Nyuma ya ukuta kulikuwa na chumba kingine kilichotengenezwa kama mnara wa uwanja wa ndege, madirisha yake ni skrini tupu.

"Mimi hapa ndiye rubani," alisema. "Mwanafunzi anakaa kule mnarani, mimi nakaa huku namsomea maneno ya rubani yaliyoandikwa kwenye karatasi. Anadhani, au anajifanya kudhani, kwamba niko angani."

"Umewahi kupanda ndege, mama?"

"Ndege! Mimi napanda bodaboda, na hapo nafumba macho."

Aminieli alitoa kielelezo kutoka kwenye jalada, ile kopi iliyokutwa kwenye kabati la Victoria. Kurasa nne za Kiingereza kilichobanana. Maneno hakuyajua. Namba alizijua. Kwenye ukurasa wa pili mstari mmoja ulichapwa na nyota pembeni. Juu yake kulikuwa na 7000, na kwenye mstari wenyewe 9000.

"Hapa pana nini?"

"Hapo ni mtego. Mwanafunzi anamwambia rubani apande hadi futi elfu saba. Sheria ni kwamba rubani lazima arudie alichoambiwa. Sasa mimi naagizwa nirudie kwa makosa, niseme elfu tisa. Na kwenye tisa kuna ndege nyingine tayari. Mwanafunzi asiposhtuka akanisahihisha, amefeli."

"Nifungulie Victoria. Hapo kwenye mtego."

Magreth alitafuta, akamvalisha hedifoni, akabonyeza. Aminieli alisikia sauti ya msichana, imetulia, inakwenda polepole kama mtu anayeelekeza mgeni njia. Katika yale maneno alidaka moja: *seveni*. Sauti nzito ya Magreth ikajibu. *Seveni*. Msichana akaendelea na ndege nyingine.

"Rudisha."

Alisikiliza mara tatu. Kisha akavua hedifoni, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Karatasi inakuagiza useme tisa. Umesema saba."

Magreth aliivuta karatasi karibu, akaitazama.

"Kwenye jalada Mkuu wako ameandika kwamba Victoria alikuwa mtu wako wa karibu. Kwamba mlikuwa mnakula pamoja."

"Alikuwa ananiletea ndizi za kwao. Ndizi si mtihani."

"Ulimwondolea mtego."

"Sikumwondolea!"

"Basi nani?"

Magreth aliinuka, akafunga mlango. Alivuta droo ya chini ya meza, akatoa bahasha ya kaki yenye lakiri iliyovunjwa, na ndani ya bahasha kurasa nne zilezile. Kwenye ukurasa wa pili, ule mstari wenye nyota ulikatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni palikuwa na saini na saa: mbili na dakika tano asubuhi.

"Ni mtahini aliyetoka Dar. Alivunja lakiri mbele yangu, akasoma, akasema mtego huu ni mzito mno kwa watoto hawa, akaukata. Kwa wanafunzi wote. Siku ile hakuna aliyesikia tisa kutoka kwangu."

"Mkuu alijua kwamba umekatwa?"

"Alikuwa kwenye kikao cha bodi mpaka jioni. Na mtahini aliondoka saa kumi."

"Karatasi zenyewe zilikuwa ngapi?"

"Mbili. Hii ndani ya bahasha, na nyingine kwenye kabati la Mkuu, kwa kufuli. Hata walimu hawakuiona."

Aminieli alizilaza karatasi mbili sambamba, ile ya Magreth na ile kopi ya kwenye kabati la Victoria. Kopi haikuwa na mstari wa kalamu. Ingekuwa imetolewa kwenye karatasi ya Magreth, mkato ungeonekana, hata kama mweusi.

"Hii haikutoka kwako," alisema.

"Nilijua haikutoka kwangu."

"Ilitoka kwa Mkuu. Lakini bado, mama. Victoria angeweza kuingia ofisini kwa Mkuu akaitoa. Mahakamani watauliza hivyo. Wanafunzi walikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Nifungulie wote. Hapohapo tu, kwenye mtego."

Alichukua karatasi tupu, akaandika moja mpaka kumi na moja kuelekea chini. Kiingereza hakukijua, basi akasikiliza kitu kimoja tu: namba gani imesemwa, na nani ametangulia kuisema. Wa kwanza: mwanafunzi seveni, Magreth seveni, kimya. Akaandika saba, saba. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu alikohoa kwanza. Wa tano alikuwa Victoria, ameshamsikia. Wa sita, wa saba, saba na saba. Feni ilikuwa inazunguka na kukwama, kuzunguka na kukwama.

Wa nane alikuwa kijana mwenye sauti ya haraka. Seveni, alisema. Seveni, Magreth akajibu. Kisha kijana, kabla pumzi haijatoka, akaongeza maneno, na katikati ya maneno hayo likapita moja ambalo Aminieli hakuwa amelisikia asubuhi nzima.

"Simamisha. Naina ni nini?"

Magreth alikuwa anaangalia mezani. "Tisa. Redioni tunaitamka hivyo ili isichanganywe na namba nyingine."

"Amesema nini, neno kwa neno?"

"Amesema: hapana, si elfu tisa, nasema tena elfu saba."

"Nani alimwambia tisa?"

"Hakuna."

"Rubani amerudia vizuri, na yeye anamsahihisha."

"Ndiyo."

"Anasahihisha kosa ambalo halijafanyika."

"Alikuwa amelikariri," Magreth alisema. "Hakuwa ananisikiliza mimi. Alikuwa anasoma kichwani."

Aminieli alisikiliza watatu waliobaki. Saba, saba. Saba, saba. Saba, saba. Watu kumi walisikia walichoambiwa. Mmoja alijibu karatasi, na karatasi pekee duniani yenye tisa isiyokatwa ilikuwa kwenye kabati la Mkuu.

"Huyu wa nane ni nani?"

"Godbless."

"Godbless wa nani?"

"Mtoto wa dada yake Mkuu."

"Yuko wapi?"

"Ameshapangiwa kazi. Yuko mnarani, uwanja wa kweli, chini ya mwangalizi. Mwangalizi mwenyewe akienda chai, yuko peke yake."

Aminieli aliacha kuandika.

"Ulimwambia mtu?"

"Jioni ileile nilimwambia Mkuu. Akasema kijana alikuwa na woga. Baada ya siku mbili makabati ya wanafunzi yakapekuliwa."

"Yote?"

"Moja."

Nje kengele ililia na wanafunzi wakapita koridoni wanacheka, wanaitana kwa majina ya viwanja vya ndege. Aminieli aliandika maelezo kwa mkono wake mzito, nusu ukurasa, akamsomea. Magreth aliitikia kila sentensi kwa kichwa. Alipopewa kalamu hakuishika.

"Mkataba wangu ni wa miezi sita, halafu sita mingine akipenda yeye. Nina watoto watatu, baba yao yuko machimboni Mererani na hapigi simu. Usinifanyie hivi, Sajenti."

"Mzee wa watu anasimama mbele ya umati saa nane."

"Najua! Unadhani sijui?" Alifuta macho kwa kiganja. "Alipofukuzwa alipita hapa kuniaga. Akaniuliza, mama, nimekosea wapi? Nikamwambia sijui."

Aminieli alikunja yale maelezo yasiyo na saini, akayatia ndani ya jalada.

*

Bwana Ndelilio alisikiliza mpaka mwisho, mguu juu ya mguu.

"Kijana alisikia vibaya."

"Wenzake kumi walisikia vizuri, bosi. Na aliyesikia vibaya, vipi alikosea hadi kwenye namba ileile iliyokuwa kabatini kwako?"

"Wewe umesikiliza Kiingereza usichokijua, halafu umenijia na hesabu za vidole." Aliinama mbele. "Niambie kitu kimoja. Binti amekufa. Ukimsafisha leo, atakwenda kufanya kazi wapi? Na kijana ukimtoa mnarani, nani anafaidika?"

"Walioko angani."

Mkuu hakucheka safari hii. Alichukua simu ya mkononi, akatoka kwenda barazani. Alipiga namba moja tu. Kabla Aminieli hajafika getini, simu yake mwenyewe ikalia.

"Aminieli, uko wapi?" Alikuwa mkubwa wake.

"Chuoni, afande."

"Nani kakutuma? Lete jalada mezani kwangu. Sasa hivi, na kila kilichomo."

"Afande, kuna jambo jipya. Kijana yuko mnarani na mtihani wake ni—"

"Sasa hivi nimesema."

"Ndiyo, afande."

Alitii. Miaka ishirini na sita alikuwa ametii, hata siku mke wake alipozidiwa na yeye akaambiwa lindo kwanza. Alilipeleka jalada. Mkubwa hakuwepo. Katibu muhtasi alisema amngoje, ameagiza angojewe. Aminieli alikaa kwenye benchi la koridoni na jalada magotini. Saa sita ikapita. Saa saba. Saa saba na dakika ishirini mkubwa aliingia na kijiti cha meno mdomoni, akalipokea jalada bila kulifungua, akalitia kabatini, akageuza ufunguo.

"Kapumzike," alisema. "Umechoka."

*

Bodaboda ilimpandisha Uru kwa kasi ambayo siku nyingine angemkamatia dereva. Kahawa zilikuwa zimechanua pande zote mbili, na maji ya mfereji yalikuwa yanateremka kando ya njia kama hakuna kilichotokea. Alishuka kabla ya geti kwa sababu watu walikuwa wamejaa mpaka njiani. Spika mbili zilifungwa juu ya migomba. Kutoka kwenye spika hizo alisikia sauti ya Mzee Primus, kabla hajamwona.

"...akajiunga na chuo cha waongoza ndege. Mwaka huu alifukuzwa chuo, kwa kosa... kwa kosa la kuiba mtihani. Aliugua mlimani..."

Akina mama waliokuwa karibu na Aminieli waliinamisha vichwa. Mmoja alisema taratibu, "Maskini, si angeruka hapo." Mwingine akasema, "Aruke vipi? Si unawajua watu."

Aminieli alipenya hadi ukingo wa turubai. Jeneza lilikuwa juu ya meza ya kulia chakula, limefunikwa kitambaa cheupe. Nyuma yake, katikati ya migomba, udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa kando ya kaburi la zamani lenye msalaba wa saruji. Mzee Primus alikuwa amemaliza kusoma. Alikunja karatasi mara nne. Alipoinua macho akamwona Aminieli, akamwangalia mikono. Mikono ilikuwa mitupu. Mzee akakaa.

Mwenyekiti wa jumuiya alishika kipaza sauti. "Tunakwenda kwenye salamu za rambirambi. Kwa kifupi, Padri ana safari. Naita wawakilishi. Chuo alichosoma marehemu, wapo?"

Watu walitazamana.

"Chuo hawapo? Basi tunaendelea na—"

"Tupo."

Magreth alitokea upande wa jikoni, amejifunga kanga juu ya nguo za kazi, viatu vimejaa vumbi. Kijana fulani wa darasa la Victoria alishtuka aliposikia sauti ile, akageuka kama ameitwa. Magreth alipewa kipaza sauti. Hakukihitaji.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Mimi naitwa Magreth. Pale chuoni nawasomea watoto mitihani yao kupitia redio. Nilimsomea Victoria. Ule mtihani hakuuiba. Ulitoka kwenye ofisi ya Mkuu wa chuo, akapewa mpwa wake, na kopi yake ikawekwa kwenye kabati la huyu binti." Alimgeukia Mzee Primus. "Nilijua tangu siku ileile. Nikanyamaza kwa sababu ya kazi. Mzee wangu, nisamehe. Sijaja na barua. Nimekuja na mdomo tu."

Manung'uniko yalianza nyuma, yakasogea mbele. Mjomba wa marehemu, mtu mrefu mwenye fimbo, alisimama.

"Mama, haya ni mambo mazito. Mbele ya maiti! Una ushahidi gani? Leo unasema hivi, kesho tukienda huko chuoni utayakana?"

Magreth alirudi nyuma hatua moja. Alishika ukingo wa ile meza yenye jeneza.

Simu ilianza kutetemeka mfukoni mwa Aminieli. Hakuitoa. Alivua kofia, akapita mbele.

"Mimi ni Sajenti Aminieli. Jalada la kesi hii lilikuwa kwangu. Nilikaa nalo wiki tano sikulifungua, na hilo nitalijibu kwa Mungu. Leo nimelifungua. Rekodi nimezisikia kwa masikio yangu, zote kumi na moja. Anachosema mama huyu ni kweli, na nitakisema popote nitakapoitwa, hata kama sina tena hii kofia."

Mjomba alikaa taratibu, kama mtu aliyewekewa mkono begani.

"Na mtihani wenyewe?" Mzee Primus aliuliza. Hakusimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze wote. "Aliufanyaje?"

"Alifaulu, baba," Magreth alisema. "Alifaulu vizuri."

Mzee Primus alisimama. Alikwenda mpaka kwa mwenyekiti, akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti. Padri alitazama saa yake, akaanza kuinuka, kisha akaketi tena, akaweka mikono magotini.

Mzee aliikunjua karatasi. Hakuanzia katikati. Alianzia juu.

"Historia ya marehemu. Victoria Primus alizaliwa hapa Uru, akiwa mtoto wa tatu wa Primus na marehemu mama yake. Alibatizwa. Alipata kipaimara." Alisoma kila shule na kila mwaka, kama vile hakuna mtu aliyekuwa ameshasikia. Watu waliokuwa wamekaa wakasimama, mmoja mmoja, mpaka uwanja wote ukawa umesimama. Alipofika kwenye mistari miwili aliinua macho, kwa sababu hapo hapakuwa na maandishi. "Alijiunga na chuo cha waongoza ndege. Alifanya mtihani wake kwa akili yake. Alifaulu."

Kisha akashusha macho kwenye karatasi ili aendelee. Mistari iliyofuata ilikuwa ileile ya asubuhi, haikuwa imebadilika hata neno moja, na hiyo ndiyo iliyomshinda kuisoma.